Waya wa Udongo Niliousahau Siku ya Posho

Vijana, kila mkinikuta hapa kwangu na redio yangu mnaniuliza ni kazi gani iliyonitesa zaidi katika miaka yangu ya simu. Mnangoja niwatajie nguzo ndefu, au ile kebo nzito ya risasi tuliyoivuta kwa mikono mtaa mzima, jua likituchoma mgongo. Hapana. Iliyonitesa ni ekuru moja, kile chuma kidogo cha kukaza buloni. Ilinikosesha usingizi siku mbili, na karibu inirudishe kaskazini, kwenye kijiji cha baba yangu ambacho sikuwa nimekiona hata siku moja.

Wakati ule Lubumbashi ilikuwa bado inaitwa Élisabethville. Nilikuwa fundi wa simu za ofisi, chini ya mzee mmoja, Papa Augustin, aliyejifunza waya kwenye nguzo za reli. Simu za ofisi hazikuwa hizi zenu zinazojitafutia namba zenyewe. Ofisi ndogo ilikuwa na tabulo, meza yenye mlango wa mbao uliojaa matundu, na mbele yake anakaa mtu mwenye kaske masikioni. Simu ikiingia, kifuniko kidogo kinaanguka, tak! Yule mtu anachomeka fishi kwenye tundu, anauliza unamtaka nani, kisha anachomeka fishi nyingine kwa huyo unayemtaka. Mtu wa tabulo alijua habari zote za ofisi, na kama ana akili hakusema hata moja.

Papa Augustin hakupenda maneno mengi. Alikuwa na bisibisi moja yenye mpini wa mti aliouchonga mwenyewe, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mwaka wangu wa kwanza niligeuza waya mbili kwenye nyumba moja ya biashara, na kwa siku nzima directeur, mkubwa wa pale, alimgombeza mkubwa wa depo kwenye simu, kumbe anayesikiliza ni mke wake, nyumbani nyuma ya ofisi. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Jioni ndipo akamwuliza bwana wake kama ni yeye anayeitwa mvivu. Papa Augustin alinipeleka kwenye tabulo, akanishika kidole, akakipitisha juu ya kila waya, moja moja, kama anayemfundisha mtoto herufi.

"Macho inachoka," alisema. "Kidole haichoke. Kila waya unaigusa, unaita jina yake, halafu unafunga."

Kitu alichokipigia kelele kuliko vyote ni waya wa udongo, ule Wazungu waliouita tere. Sikilizeni vizuri, maana bila huu hamtaelewa yaliyonipata. Waya za simu zinatembea nje, juu ya nguzo, na radi inazipenda. Radi ikipiga nguzo hata mbali, umeme unakimbia na waya mpaka ndani ya ofisi. Pale mlangoni tunaweka sanduku. Ndani yake kuna fizibu, yaani fyuzi, za udongo mweupe kama wa vikombe, na kuna njia ya kuutoa ule umeme na kuupeleka ardhini kwa waya wa udongo. Waya huo ukifungwa sawa, umeme unashuka ardhini, mtu wa tabulo anasikia mkwaruzo tu. Usipofungwa, umeme unatafuta njia nyingine, na iliyo karibu ni kaske, na ndani ya kaske kuna sikio la mtu.

Tena udongo wetu, kiangazi kinapoisha, ni mkavu kama tofali. Ukipigilia chuma hivi hivi, umefanya bure. Papa Augustin alichimba shimo linalomfika mtu kiunoni, akaweka makaa, akaweka chumvi, akamwaga ndoo mbili za maji, ndipo akasimamisha bomba la shaba. Chumvi tuliiomba jikoni kwa mwenye ofisi. Wapishi walituchukia.

Basi. Ilikuwa Jumamosi, sisi tuliita siku ya posho, na mvua za kwanza zilikuwa bado hazijashuka. Tulikuwa tunamaliza tabulo mpya kwenye nyumba moja iliyouza unga na vitambaa, katikati ya mji. Simu nane, tabulo moja. Wa kukaa kwenye tabulo alikuwa Madame Hélène, mjane wa Kizungu aliyezoea kutusalimia asubuhi kwa majina yetu. Siku hizo jambo hilo lilikuwa adimu, na mtu alilikumbuka.

Karibu na saa sita mchana nilikuwa nyuma ya ukuta, nimeinama juu ya bomba la shaba. Waya wa udongo nimeshauchuna, nimeuzungusha kwenye buloni, na ekuru iko mkononi. Nikasikia ninaitwa. Bwana Directeur wa nyumba ile anataka simu yake ihame kutoka kuume kwenda kushoto, kwa sababu anaandika kwa mkono wa kuume. Nikatia ekuru mfukoni, nikaingia. Kuhamisha simu kulichukua muda, maana alibadili mawazo mara mbili. Nilipotoka ofisini kwake, king'ora cha saa sita kilikuwa kinalia na watu wanatoka.

Papa Augustin alikuwa na kilio upande wa pili wa mji, amekwisha kuvaa koti lake. Kila siku alikagua kazi yangu mwenyewe. Siku ile aliuliza tu.

"Tere?"

"Iko tayari, Papa."

Sikudanganya kwa kusudi. Kichwani mwangu kazi ile ilikuwa imekwisha. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo: jibu lilitoka mdomoni laini kabisa, kama la mtu mwenye haki.

Nilikaa Makomeno, katika nyumba ya baba yangu aliyekuwa mtu wa reli. Mke wangu, Regina, alikuwa amepika bukari, ugali wetu, na samaki wakavu wa Kilwa yetu ya ziwani. Nilivua nguo za kazi, akazichukua azifue, nikanawa nikaanza kula. Nje mawingu yalikuwa yanajikusanya, na jirani wakaanza kushangilia, maana vumbi la miezi sita lilikuwa limetuchosha wote. Regina akasimama mlangoni na kitu kwenye kiganja.

"Hii ni ya kazi ao niitupe?"

Tonge lilibaki mkononi. Niliiangalia ile ekuru, nikaona shimo, bomba, waya uliozungushwa tu bila kukazwa. Kisha ngurumo ya kwanza ikapita juu ya nyumba.

"Leo banatumika kule?" Regina aliuliza. Alikuwa ameshauona uso wangu.

Ndiyo, walikuwa wanafanya kazi. Bwana Directeur alikuwa anangoja simu kutoka Léopoldville, ameingoja siku tatu, na Madame Hélène alikuwa ameambiwa abaki kwenye tabulo mpaka ifike.

Nilichukua kinga ya baba, baiskeli nzito isiyo na breki ya mbele, nikatoka na kaputula na singleti. Regina alikimbia nyuma yangu. "Utaenda na hii mvula? Vaa hata koti!" Sikurudi.

Kwenye kona ya barabara ya kuingia mjini palikuwa na duka la Mgiriki mmoja, na dukani kulikuwa na simu. Nilitupa kinga chini, nikaingia ninahema, nikamwomba kupiga simu moja tu. Alinijua, maana mimi ndiye niliyemtengenezea ile simu ilipokufa.

"Piga, piga," alisema. "Kuko nani mugonjwa?"

Niliinua chombo. Mdomo ulikuwa tayari kuomba namba, ndipo akili ikarudi. Nikimwita Madame Hélène, atafanya nini? Atavaa kaske. Atachomeka fishi, atasikiliza. Ni mimi mwenyewe nitakayelileta sikio lake kwenye waya, mawingu yakiwa juu ya kichwa chake. Na kama kwa sasa ameivua, amekwenda kujipikia kahawa, simu yangu ndiyo itakayomrudisha.

Nilirudisha chombo taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Haupige?" Mgiriki aliuliza.

"Hapana. Nikipiga nitamuua."

Alinitazama kama mtu aliyeingiwa na wazimu, nami sikuwa na nafasi ya kumweleza. Nilipanda kinga. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa, yanapiga vumbi na kuacha vishimo, halafu mvua ikashuka yote kwa mara moja. Fundi wa simu mimi, mji mzima nimeufunga waya, na njia pekee ya kumfikia mtu ilikuwa ni miguu yangu.

Langoni kulikuwa na sentineli, Mzee Chola, mtu wa Kilwa, amejifunika gunia. Alisimama katikati ya njia.

"Fundi, leo ni siku ya posho. Kazi iliisha. Hata viatu huna!"

"Mzee, nimesahau kitu. Kama radi inapiga, Madame atakufa."

Mzee Chola aliyaona maji, akaiona miguu yangu, akaliangalia anga. Hakuuliza tena. Alihama.

Sasa nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kwenda nyuma ya ukuta kukaza ekuru. Lakini kushika waya wa udongo wakati radi inacheza ni kujitoa mwenyewe uwe waya, na nikianguka pale hakuna wa kumwambia Madame. Ya pili, kuingia na kuzitoa fizibu kwenye sanduku. Zikitoka, waya za nje hazifiki tena kwenye tabulo. Papa Augustin alikuwa amenikataza kugusa lolote wakati wa radi. Niliingia.

Madame Hélène alikuwa amekaa wima, kaske kichwani, mkono mmoja kwenye fishi. Simu ya Léopoldville ilikuwa imefika. Kutoka chumba cha pili nilimsikia Bwana Directeur akipaza sauti, maana siku zile ukisema na Léopoldville ulipiga kelele kama vile hakuna waya.

"Madame, toa ile kitu ku masikio! Toa!"

Aliinua kidole. Ngoja kidogo. Alidhani nimekuja kuomba ruhusa ya kujikinga mvua.

Kumvua kaske kwa mikono yangu? Ninyi hamwezi kujua uzito wa jambo hilo. Mtu mweusi, amelowa, yuko nusu uchi, anashika kichwa cha mwanamke wa Kizungu ofisini. Nilirudi kwenye sanduku. Mikono ilikuwa inachuruzika maji. Palikuwa na pazia la dirisha, jeupe, jipya. Nililishika, nikafuta mikono mpaka kwenye viwiko, nikafungua sanduku, nikazikamata fizibu penye udongo mweupe na kuvuta. Moja. Ya pili. Nikaziweka juu ya meza ya Madame.

Kule ndani sauti ya Bwana Directeur ilikatika katikati ya neno. Akaita, "Allô? Allô?" mara tano. Halafu mlango ukafunguka.

Alikuwa mwekundu. Alinitazama mimi, akaangalia sanduku, akaangalia pazia.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna mutu, Bwana. Asubui sikufunga waya ya udongo. Nilisahau. Ekuru ni hii." Nilimwonyesha kwenye kiganja. "Radi ingeingia mpaka ku kaske ya Madame."

"Radi iko wapi?"

Na kweli, ngurumo zilikuwa zimesogea. Mvua ilikuwa inapungua, upande wa Kinsevere mawingu yalikuwa meusi, lakini juu yetu palianza kuwa na mwanga. Nilisimama pale, maji yananichuruzika sakafuni, sina hata cheche moja ya kumwonyesha.

"Siku tatu nangojea," alisema. "Siku tatu! Kitabu yako ya kazi inabaki kwangu."

Kitabu kile kilikuwa kwenye kabati yake tangu tulipoanza kazi pale. Alikitoa, akakifungia kwenye mtoto wa meza. Siku ya kwanza ya juma, yaani Jumatatu, alisema, chef wangu, mkubwa wetu wa kazi, atakuja, na mimi nitajua pa kwenda. Vijana, bila kitabu kile hukuwa na ruhusa ya kukaa mjini. Polisi walikuweka kwenye gari la moshi, basi. Nilitazama upande wa Madame Hélène. Alikuwa amevua kaske, anaiangalia mikono yake. Nilitoka.

Njiani sikupanda kinga, niliisukuma.

Saa kumi na moja, nikiwa nimekaa na Regina barazani, mvua ilirudi. Hii haikuwa ile ya mchana. Radi zilishuka juu ya mji moja baada ya nyingine, mabati yakatetemeka, na Regina akavuta watoto ndani. Ndipo nikakumbuka: fizibu nilikuwa nimeziacha mezani. Bwana yule anaitaka simu yake ya Léopoldville. Kuzirudisha ni kazi ya mtoto, unasukuma tu. Na Madame ameambiwa abaki mpaka simu ifike.

Kurudi sikuweza. Ningekutwa pale tena ningelala gerezani, na yule Bwana angezichomeka mwenyewe ili kunionyesha.

Asubuhi ya Jumapili, baada ya misa, nilimfuata Papa Augustin. Nilimweleza yote, na lile "iko tayari" nilimrudishia kama nilivyolisema. Nilingoja anipige. Aliuliza neno moja tu.

"Fizibu, uliacha wapi?"

"Ku meza."

Alifumba macho. Kisha akasema, "Na mimi sikuenda kuangalia. Miaka yote naangalia, ile siku sikuangalia." Alisema hivyo, na ilinichoma kuliko kama angenipiga. Tulikaa wawili mpaka mchana, kila mmoja anawaza ofisi moja ambayo Jumapili imefungwa na hatuwezi kuifikia.

Siku ya kwanza ya juma tulikuwa langoni kabla ya jua kupanda vizuri, mimi, Papa Augustin na chef wetu, Mbelgiji mmoja mnene aliyetembea na daftari. Mzee Chola alikuwa anafungua. Papa Augustin akauliza kwa niaba yangu.

"Mzee, Madame?"

"Madame gani? Ule anakuya pale?"

Tuligeuka. Madame Hélène alikuwa anashuka barabara, mkoba mkononi, anaruka vidimbwi vya maji. Nilishika lango. Papa Augustin alinishika bega.

Alitusalimia kwa majina, kama kawaida. Kisha akafungua mkoba, akatoa leso iliyofungwa fundo, akaiweka mkononi mwa Papa Augustin. Ndani kulikuwa na fizibu zangu mbili.

"Directeur alizitafuta sana," alisema kwa Kiswahili chake. "Alifungua kila kabati. Mimi nilisema sijui."

Chef alicheka mpaka daftari likaanguka. Ndani, Papa Augustin alifungua sanduku, akaniita nitazame. Pale fizibu zilipokuwa zinakaa, upande wa waya wa nje, shaba ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, na kipande kimeyeyuka kama nta. Radi ya jioni ilikuwa imeingia. Ilifika mpaka pale, ikakosa pa kupita.

Bwana Directeur aliitwa aone. Alipitisha kidole kwenye weusi ule, akaangalia tabulo, akaangalia kiti cha Madame. Halafu akaenda kwenye meza yake na kurudi na kitabu changu. Hakuomba msamaha. Alisema pazia lifuliwe, basi.

Chef akauliza ni nani hakufunga tere. Papa Augustin akasema, "Ni mimi, chef, sikuangalia." Nami nikasema, "Hapana, chef, ni mimi. Na niliulizwa nikajibu iko tayari." Chef alituangalia wawili, akaandika kitu, akafuta, akasema kwa mwezi mzima mashimo yote ya tere mjini nitayachimba mimi. Niliyachimba. Sijawahi kuchimba kwa furaha namna ile. Nilikuwa naimba ndani ya shimo, watu wakipita wanasimama kutazama.

Lakini asubuhi ile, tulipokwisha kubadilisha shaba iliyoungua, nilikwenda nyuma ya ukuta nikafunga ekuru, nikaikaza mpaka mkono ukauma. Niliporudi ndani kusema sasa iko tayari, Madame Hélène alikuwa amesimama, kaske bado iko mezani.

"Nionyeshe," alisema.

Tulitoka. Alikanyaga matope kwa viatu vyake vya ofisi, akainama juu ya bomba, akauliza kama ni huu. Nikasema ni huu. Akaushika waya kwa mikono miwili, akauvuta kwa nguvu zake zote, mpaka kofia ikamdondoka.

"Haitoke," alisema.

"Haitoke, Madame."

Akaokota kofia yake, akaingia ndani, akakaa, akavaa kaske. Tangu siku ile, vijana, sikumaliza kazi hata moja bila kumwita yule atakayekaa pale, mkubwa au mdogo, mweusi au mweupe, aje nyuma ya ukuta avute waya mwenyewe. Wengine walininung'unikia kwa ajili ya viatu vyao. Niliwaacha wanung'unike.